Ndugu Mhariri, uhalisia sio fotokopi

Ndugu Mhariri,

Kwenye ile makala yenu ya sanaa wiki iliyopita mwandishi kasema wachoraji wa uhalisia kazi yao ni kudurufu tu, eti siku hizi kamera ya simu inatosha. Nilicheka, halafu nikachukia, maana na mimi nachora chora, na picha mliyoiweka pembeni ni ya Andrew Wyeth, yule Mmarekani aliyefariki 2009 akiwa na miaka 91, sasa hapo mmejikaanga wenyewe.

Huyu mzee karibu maisha yake yote kachora sehemu mbili, Chadds Ford kule Pennsylvania na Cushing kule Maine, majirani walewale, nyumba zilezile, majani makavu. Baba yake, N.C. Wyeth, alikuwa mchoraji maarufu wa picha za vitabu na ndiye aliyemfundisha nyumbani, 1945 treni ikagonga gari lake akafa. Mwaka uliofuata mtoto akachora kijana anateremka mbio kilima kitupu, na baba alifia upande wa pili wa kilima hichohicho. Simu gani inapiga hiyo?

Halafu rangi. Mwandishi wenu hajaigusa kabisa, na ndio utamu wenyewe. Wyeth alifundishwa tempera, yaani rangi ya kiini cha yai, na shemeji yake, Peter Hurd. Unatenga ute, unakibingirisha kiini kiganjani mpaka kikauke kidogo, unakibana ule utando kwa vidole viwili, unatoboa, kinachochuruzika ndio gundi yako, unachanganya na maji na rangi ya unga. Mimi mara ya kwanza niliharibu mayai matatu (nyumbani walinisema sana). Na ikishafika kwenye ubao inakauka hapohapo, huwezi kuitandaza taratibu kama rangi ya mafuta, inabidi uende kijistari kwa kijistari, ndo maana majani yake unayaona mojamoja. Huo uchu wa kukodolea jani moja alikuwa nao pia Dürer, yule Mjerumani aliyechora bonge la nyasi kwa rangi ya maji 1503, na Wyeth alikuwa anamhusudu sana.

Sasa hiyo picha yenu, ya 1948, yule mwanamke aliyekaa kwenye nyasi anaangalia nyumba. Ni jirani yake Christina Olson, miguu haikuwa na nguvu, na kiti cha magurudumu alikikataa, alikuwa anatambaa. Alikuwa na miaka 55, lakini mwili mnaouona hapo sio wake, aliyekaa kuchorwa kiwiliwili ni mke wa Wyeth, Betsy, aliyekuwa bado kijana. Kwahiyo kadurufu nini hapo, na kwa nani?

Na mkiirudia hiyo picha naomba muiweke kubwa, mliichapa saizi ya stempu, nyasi zote zimegeuka uji.

Msomaji wenu wa kila wiki