Mgeni akituuliza tusimjibu "hewala" tu, kisima kimeshaingia chumvi

Ndugu Mhariri, assalaam aleykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikaa rohoni tangu mwaka juzi na mie mwenyewe nimo ndani yake.

Mie ni wa Kusini Unguja, kijiji cha pwani, nasomesha Kiingereza skuli. Mwaka juzi kilikuja kikundi cha misheni kutoka Marekani, Wakristo, watu kumi na wawili, wamekuja kujitolea wiki mbili, na mie nikaitwa niwe mkalimani. Kwanza niseme kwa wale wanaouliza hawa walikuja kutafuta nini kwenye kijiji cha Waislamu: hakuna aliyehubiriwa. Walisali wenyewe asubuhi ndani ya nyumba waliyokodi, adhana ikitoka wanazima mashine, wanawake wao wakajifunga kanga bila ya kuambiwa mara mbili. Na kazi walifanya, jua la kaskazi mnalijua lenyewe.

Kinachoniuma ni kisima. Pesa walishazichangisha kanisani kwao kabla hawajapanda ndege, walipofika wakaomba mkutano na wanakijiji, ukaitwa saa tatu asubuhi, na ile siku ilikuwa bamvua. Mtu wa pwani ananielewa hapo. Bamvua maji yanakauka saa nne saa tano, wanawake wote washateremka na kamba na taitai zao, vile vikamba vya kufungia mwani, wako kwenye mwani mpaka maji yarudi, ndo kazi yao tangu mwani ulipoanza kulimwa huku 1989. Basi mkutanoni tumekaa wanaume watupu tunazungumza habari ya maji, sisi ambao ndoo hatujawahi kujitwika.

Kiongozi wao akaonesha sehemu, hatua kama mia mbili kutoka baharini, kwa vile ni karibu na nyumba na gari ya kuchimba inafika. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Pale maji yake yana munyu." Mwengine akamkatiza, wageni wametoka mbali bwana tusiwavunje moyo, hewala. Na mie Mungu anisamehe nikatafsiri ile hewala peke yake, lile la munyu sikulifikisha kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kumwambia mgeni hapana mbele za watu.

Wakachimba, wakaweka pampu ya sola na tangi na mabomba mawili, watu wakapiga makofi, wale vijana wengine walilia siku ya kuondoka. Haikufika hata miezi minne maji yakaanza kubadilika. Ardhi yetu huku ni mawe ya matumbawe, maji baridi yanakaa juu, chini yake kuna maji ya bahari, ukiwa karibu na pwani na unavuta kwa pampu kutwa nzima yale baridi yanakwisha na yale ya chini yanapanda. Mama yangu alionja kwa kata, akatema, akaniambia, "Si mngetuuliza mwanangu, pale hata bibi zetu walichimba wakafukia." Sa hivi mabomba yamekula kutu, watu wanaoshea vyombo tu, na wanawake wamerudi kule kule kwenye kisima cha zamani, mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani baada ya kushinda kwenye mwani.

Sasa na hili mlisikie. Katika kikundi kile kile alikuwemo mama mmoja nesi, mtu mzima, nywele nyeupe tupu. Yeye alikuja na boksi la miwani ya kusomea, lakini hakugawa siku ya kwanza. Siku tatu alikaa chini kwenye mkeka barazani, kila bibi anayepita anamuuliza kupitia kwangu, wewe mikono yako inafanya kazi gani? Bibi yangu akamwambia nilikuwa nashona kofia, nimeacha, uzi siuoni. Siku ya nne akamvalisha miwani, akambadilishia, akambadilishia tena, mpaka bibi akanyamaza. Akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye pindo la kanga, akalowesha uzi mdomoni, akautunga mara moja tu. Hakusema kitu, aliushika mkono wa yule mama muda mrefu wakatazamana, na mie mkalimani sikuwa na cha kutafsiri. Mpaka leo bibi anashona vitobo, kofia mbili ameshauza.

Kwa hiyo siwezi kusema wamisheni wasije, nitakuwa muongo. Hata Askofu Steere, mmisheni wa Kiingereza aliyefika Unguja 1864, ambaye ndiye aliyeanza kujenga lile kanisa la Mkunazini 1873 pale lilipokuwa soko la watumwa, alikaa na watu akajifunza Kiswahili mpaka akaandika kitabu cha lugha yetu na hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Najua wiki mbili si miaka, lakini siku tatu kwenye mkeka kila mtu anaziweza.

Na sisi wenyeji tuna letu. Tunajifanya tunamheshimu mgeni kumbe tunamficha, anarudi kwao na picha ya bomba linatoa maji anaamini amesaidia, wale wazee waliotoa sadaka zao kanisani wanaamini hivyo hivyo, na huku mama zetu wanateseka. Heshima gani hiyo? Wakalimani wenzangu nawaomba sana, mzee akisema hapana, ifikisheni hapana yake kama ilivyo, hata kama amesema kwa sauti ya chini.

Nimesikia kuna kikundi chengine kinakuja baada ya Idi, nao wanazungumzia maji. Nimeshamuomba sheha wetu na namuomba tena hapa gazetini, mkutano usiitwe asubuhi. Auite saa kumi jioni, maji yashajaa, wanawake washarudi kutoka pwani, na mama yangu akae mbele.

Mkalimani,
Kusini Unguja