Barua kwa Mwanangu: Chora Nguo Inayokatika

Mamangu,

Salamu nyingi. Project Runway, yale mashindano ya wabunifu wa mavazi kwenye televisheni ya Marekani, imekutia penseli mkononi, nami sina neno. Ila ukikaa tena mbele ya televisheni, waache majaji na machozi ya wanaotolewa, uitazame ile nafasi fupi ya kuchora. Washiriki wakishapewa kazi, mara nyingi wana nusu saa tu, kisha hukimbizwa duka la vitambaa la Mood huko New York na pesa za kuhesabu. Ambaye hakuamua kwenye karatasi nguo inataka mita ngapi na inafungwa wapi, ataamulia dukani huku saa inamkimbiza. Nataka ushike hilo: mchoro wa nguo kazi yake ni kumwagiza anayekata.

Anza na mwili, uso uache mtupu. Macho na midomo hula dakika zote, na fundi hashoni macho. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Piga mstari wa wima katikati, acha nafasi kidogo juu, kisha tia alama kila sentimita 3 mpaka upate sehemu 9. Ya kwanza ni kichwa. Mabega yako katikati ya sehemu ya pili, kifua mwisho wa ya 2, kiuno mwisho wa ya 3, mapaja yanaanzia mwisho wa ya 4, magoti mwisho wa ya 6, na vifundo vya miguu chini kidogo ya alama ya 8. Kiwiko kiwe sawa na kiuno. Tumia penseli ya HB na mkono mwepesi, kwa sababu mistari hii utaifuta.

Mtu unayemchora akiegemeza uzito mguu mmoja, nyonga ya mguu huo hupanda na bega la upande uo huo hushuka. Kagua kwa rula: kutoka kishimo cha shingo shuka wima mpaka chini, ufike kwenye mguu uliobeba uzito. Rula ikipita pembeni, mtu wako anaanguka, hata umpambe vipi.

Sasa mtego wenyewe. Mtu wa kweli ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, wala si tisa. Wachora mitindo humrefusha, na sehemu kubwa ya nyongeza huiweka miguuni. Mwanamke wa sentimita 160 ana kama 100 kutoka kiunoni hadi sakafuni, lakini mchoro wako utadai karibu 107. Ukimpa fundi picha hiyo peke yake, sketi itaburura au ataikata kwa kubahatisha. Kwa hiyo pembeni chora nguo hiyo hiyo bila mtu, kama imelazwa mezani, mbele na nyuma, uandike vipimo vya futi kamba: bega, kifua, kiuno, urefu, mkono. Onyesha kila mshono, zipu na vifungo. Halafu jiulize mvaaji anaingiaje. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 56 hivi. Shingo ya nguo isiyofika 60, na kitambaa hakivutiki, lazima iwe na mpasuo au zipu. Watu huchora shingo nzuri ya kubana, nyuma hawakuchora kitu, na nguo inagomea masikioni.

Kitambaa kijulikane kwa mistari. Mikunjo huanzia pale nguo inapovutwa au kuning'inia, yaani begani, kifuani, kiunoni, kisha hutawanyika. Shifoni ipe mistari mingi myembamba inayokatika kabla ya kufika chini. Satini iachie sehemu nyeupe kabisa karibu na kivuli kizito, ndipo ing'ae. Buibui ndilo gumu: ukilijaza weusi wote linakuwa tundu kwenye karatasi. Chagua upande mmoja mwanga utoke, acha ukanda usiopakwa kando ya kila mkunjo, weusi mzito uuweke ndani ya mikunjo tu.

Leso nayo ina sheria zake. Nenda Mtaa wa Biashara hapa mjini, ifungue moja uiangalie kabla ya kuichora: pindo linazunguka pande nne, mji uko katikati, na jina, yaani ule msemo wake, liko chini upande mmoja tu. Ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Ukichora gauni lililokunjwa begani bila mshono, maua yakiwa wima mbele, mgongoni yatapinduka. Tumia leso zote mbili za jozi, moja mbele, moja nyuma, na mshono uwe begani. Chora pindo mwanzo, ndipo uamue mkasi upite wapi. Ukiikata shingo katikati ya mji, ua kubwa limekwenda.

Rangi za maji zinataka karatasi nzito, ya gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu. Ile ya fotokopi ya gramu 80 hujikunja kabla hujamaliza mkono mmoja. Kwa joto la hapa Mombasa weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, kwani jasho na penseli ya 4B huacha uchafu usiofutika. Kalamu iwe ya wino usioyeyuka kwa maji, na uache ukauke vizuri. Masika haukauki upesi, usidanganyike na mng'ao kupotea.

Zoezi la wiki hii nalitoa kwenye kipindi cha kwanza kabisa cha Project Runway, 2004: washiriki walipelekwa duka la vyakula na dola 50, na Austin Scarlett akashinda kwa gauni la maganda ya mahindi. Wewe chora gauni la ukili, ule msuko wa miyaa wa kushonea mikeka, kwa dakika 30. Tano za michoro sita midogo ya sentimita 5, kumi za mwili na nguo, kumi za mchoro wa kulaza mezani, tano za vipimo. Ukili hauvutiki wala haulegei, ni kanda nyembamba za kushonwa ubavu kwa ubavu. Kiuno cha kubana hakitatoka mpaka ukate kanda na kuziunga upya. Onyesha maungo hayo kwenye mchoro, uniletee nyuma na mbele.

Mamako