Barua ya wazi kwa Katibu wa chama chetu cha walimu: saa mbili za kunyonyesha

Ndugu Katibu,

Mshikamano daima!

Nakuandikia kutoka milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Julai hii ukungu hautoki hadi saa nne asubuhi, na watoto wanaandika mikono ikiwa nusu ndani ya sweta.

Nilirudi kazini siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha. Wiki ileile, nikifundisha hesabu za sehemu darasa la tano, maziwa yakaanza kutoka. Sweta likalowa. Nikajikinga na daftari la mahudhurio, nikamalizia mfano nikiwa nimegeukia ubao. Kipindi kilipoisha nikaingia stoo ya vitabu, nikakamulia kwenye kikombe cha chai, kisha nikayamwaga nje, kwa kuwa hapakuwa na mahali safi pa kuyaweka. Nyumbani, mwanangu wa miezi mitatu kasoro alikuwa ananyweshwa uji mwepesi. Nililia pale pale stoo.

Katibu, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Niliziomba saa hizo. Nikajibiwa: walimu tuko wachache, darasa atashika nani? Mkuu wangu hana roho mbaya, na ni kweli hatutoshi. Lakini nikidai peke yangu naonekana mvivu anayekwepa vipindi. Chama kikilipeleka kwa mwajiri, likaandikwa kwenye mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri, hakuna mama atakayelazimika kuomba kama anaomba hisani. Iandikwe kwamba vipindi vyake vipangwe kwa namna ya kumwachia nafasi ya kufika nyumbani, na asipewe zamu ya wiki nzima inayomtoa kitandani saa kumi alfajiri.

Na akina baba tuwakumbuke. Mume wangu, naye ni mwalimu, alipata siku 3 za likizo ambazo sheria inampa baba. Zilikwisha nikiwa bado siwezi kukaa vizuri. Alitamani kubaki, nilimwona akifunga kamba za viatu taratibu, kama mtu anayesubiri kuitwa arudi.

Kuna jambo la ndani ya chama pia. Vikao vyetu huitishwa mjini Mbeya saa kumi jioni. Kwetu gari la mwisho la kupanda huku linaondoka saa kumi na moja. Mwenye mtoto mchanga atahudhuriaje? Hahudhurii, hafahamiki, uchaguzi ukija hachaguliwi, halafu inasemwa wanawake hawajitokezi kugombea. Makato ya chama, asilimia 2 ya mshahara, tunakatwa sawa na wenzetu wanaume, kila mwezi, hata tukiwa likizo ya uzazi. Kitenge cha Siku ya Wanawake nakivaa kwa furaha kila Machi 8, nakipenda kweli. Ila Machi 9 narudi kwenye stoo ileile.

Naomba kikao kijacho kiitishwe Jumamosi saa nne asubuhi, na suala la saa za kunyonyesha liwe kwenye ajenda. Kitafutwe na chumba chenye mkeka karibu na ukumbi. Nitakuja na mtoto mgongoni, na wenzangu wawili wa huku wamesema watakuja na wao.

Wako katika chama,
Mwalimu wa shule ya msingi, Uporoto