Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: Mgonjwa hasemi Kiingereza

Ndugu Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Shikamoo, na salamu kutoka Kanda ya Ziwa.

Mimi ni daktari. Udaktari wangu niliusomea China, kwa Kiingereza, kwa ada ya wazazi, na kabla ya kuondoka nilipata kwenu hati ya kutokuwa na pingamizi kama utaratibu unavyotaka. Wadogo zetu wanaendelea kupita njia hiyo hiyo, na kuna jambo moja ambalo ofisi yako inaweza kulishika mapema, kijana akiwa bado yuko nyumbani na wazazi wake hawajauza kitu: lugha atakayozungumza na wagonjwa.

Mawakala wengi wanaowatafutia vijana vyuo vya nje wanatangaza kwa maneno yanayofanana: kozi inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kichina hakihitajiki. Nusu ya kwanza ni kweli. Wizara ya Elimu ya China ilitoa mwaka 2007 vigezo vya kufundisha udaktari kwa Kiingereza kwa wanafunzi wa kigeni, na ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufanya hivyo. Anatomia, biokemia, fiziolojia, patholojia, vyote utavisoma kwa Kiingereza. Wakati mwingine ni Kiingereza cha mwalimu kinachokulazimu usome slaidi zake badala ya kumsikiliza, lakini ni Kiingereza. Tatizo ni hiyo nusu ya pili. Shahada ile kwa kawaida ni ya miaka sita, na mwaka wa mwisho wote ni wa hospitalini. Hata kabla yake kuna miezi ya kupitishwa wodi moja baada ya nyingine, na mgonjwa aliyelala kitandani hakusoma tangazo la wakala.

Raundi ya asubuhi inaendeshwa kwa Kichina. Daktari bingwa ana foleni ya wagonjwa na ana wanafunzi wake Wachina wanaomjibu haraka, huku sisi wageni tumesimama nyuma na makoti meupe yaliyopigwa pasi vizuri. Anaongea na mgonjwa, anaongea na ndugu zake, wanabishana kidogo, mtu anacheka. Halafu anatugeukia na kutupatia sentensi moja ya Kiingereza: huyu ana uvimbe wa kongosho. Asante. Lakini maumivu yalianza lini, yalihamia wapi, anakunywa pombe kiasi gani, na ni jambo gani alilokuwa hataki mkewe alisikie? Hayo yote yameshapita. Faili liko kwenye kompyuta na limeandikwa Kichina kuanzia juu hadi chini. Majibu ya maabara unaweza kuyasoma kwa vifupisho na namba, ila maelezo ya mgonjwa mwenyewe huna pa kuyashikia.

Daktari hujifunza kuuliza kwa kuuliza. Mwanafunzi wa Muhimbili au Bugando anakaa na mama aliyetoka kijijini, anamsikia akisema ana kichomi, au moyo unamwenda mbio, au tumbo linamkata likishuka chini, na anajifunza polepole kutenganisha neno na ugonjwa. Anauliza vibaya, mama anamcheka, anauliza tena. Kazi hiyo hairudiwi kwa kusoma kitabu. Aliyesoma ng'ambo bila lugha anarudi akiwa mzuri wa kusoma picha za CT na dhaifu wa kuchukua historia, kisha tunamshangaa akiyumba kwenye mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, au wiki za mwanzo za utarajali, pale anapoachiwa wodi usiku.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba siku hizi simu inatafsiri. Inatafsiri, ndiyo, na dukani au kwenye teksi imetuokoa wengi. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kusubiri usome skrini. Na mzee wa Wenzhou, ambaye lahaja yake hata Wachina wa mikoa mingine haiwaingii, simu inamwandikia maajabu. (Tuliwaona Wachina wenzetu wakiomba msaada wa nesi kama sisi, na sikatai kwamba ilitufariji kidogo.)

La pili ni kwamba kijana ataiokota lugha mtaani. Mtaa gani? Kozi ya Kiingereza ina darasa lake, na mara nyingi wageni wana bweni lao, na humo mnakaa na Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Waghana na Wazambia. Mimi nilirudi na Kiurdu cha jikoni kizuri kabisa. Kichina cha sokoni nacho utakipata: namba, bei, kuku, wali, usiweke pilipili. Kwa Kichina hicho huwezi kumuuliza mtu kama mkojo wake una damu, wala kumwambia binti yake kwamba uvimbe umesambaa.

Waliofanikiwa wapo. Mwenzetu mmoja kutoka Mbeya alijitafutia masomo ya jioni tangu alipofika, akakubali kuchekwa, na tulipofika mwaka wa tano bingwa alikuwa anamwita jina lake kwenye raundi na kumtaka aeleze mgonjwa kwa Kichina. Mwaka wake wa hospitalini na wangu haikuwa shule moja, ingawa vyeti vyetu vinafanana.

China yenyewe hailifichi jambo hili. Vigezo vya elimu kwa wanafunzi wa kigeni vilivyotolewa na Wizara yao ya Elimu mwaka 2018 vinataka hata aliyesoma kwa lugha ya kigeni afikie angalau ngazi ya tatu ya mtihani wa Kichina, HSK, anapohitimu. Vyuo vingi vya udaktari vinataka ngazi ya nne kabla hujaingia mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Kwa mpangilio wa ngazi sita uliozoeleka, ngazi ya tatu ni maneno 600 na ya nne ni 1200. Kijana aliyeambiwa Kichina hakihitajiki anagundua haya akiwa katikati ya masomo, mitihani ya tiba imemkaba shingoni, na anakariri maneno ya kununua tiketi ya treni ili apate cheti. Maana HSK ni Kichina cha maisha ya kawaida, na haimfundishi mtu kuuliza habari za kikohozi. Upo mtihani wa Kichina cha tiba, na kifupisho chake, kwa bahati ya ajabu, ni MCT, sawasawa na Baraza letu la Madaktari. Sijakutana na wakala hata mmoja anayeutaja.

Ndugu Katibu Mtendaji, ajabu yenyewe ni kwamba aliyelipiwa hufundishwa lugha, na anayejilipia huambiwa haina haja. Anayekwenda kusoma shahada ya kwanza kwa ufadhili wa serikali ya China kwa kawaida anapewa kwanza mwaka wa Kichina, kisha anasoma pamoja na Wachina. Uturuki, kwenye ufadhili wa Türkiye Bursları, wanaanza na mwaka wa Kituruki. Na hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, kilianza na mwaka wa Kirusi. Ujerumani Mashariki walikuwa na Herder-Institut pale Leipzig kwa kazi ya namna hiyo. Wazee wetu walikwenda bila kujua hata salamu, wakawekwa chini mwaka mzima, ndipo wakaingia darasani. Wapo hadi leo: wakutane wawili, na wasipotaka uelewe mazungumzo yao wanahamia Kirusi. Mzazi anayelipa kutoka mfukoni ndiye anayeuziwa safari fupi, kwa kuwa mwaka wa lugha unaongeza gharama na wakala anaogopa kumpoteza mteja.

Wachina nao wanapoleta madaktari kwetu hawawaleti bila lugha. Timu zao zimekuwa Zanzibar tangu 1964, zikitoka mkoa wa Jiangsu, na Bara tangu 1968, zikitoka Shandong. Hao ni mabingwa waliokwisha kubobea, na bado hupitishwa kwenye mafunzo ya lugha kabla ya kupanda ndege. Sisi tunampeleka kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye ndiyo kwanza anakwenda kujifunza stethoskopu inawekwa wapi.

Siombi njia ifungwe. Nafasi za udaktari nchini ni chache kuliko vijana wenye sifa, na wapo waliotoka China ambao ningewaachia mwanangu bila wasiwasi. Ninachoomba kianzie kwenye hati ya kutokuwa na pingamizi. Kwa kozi zinazomgusa mgonjwa, yaani udaktari, meno na uuguzi, mwombaji alete barua ya chuo inayosema lugha ya kila hatua: darasani, wodini, na mwaka wa mwisho. Iseme pia ngazi ya lugha inayotakiwa, inatakiwa lini, na chuo kinafundisha saa ngapi za lugha kwa wiki. Wakala aliyemdahili aitie sahihi barua hiyo, ili siku mzazi akirudi kulalamika kuwe na karatasi. Na wakala anayeendelea kutangaza kwamba lugha haihitajiki kwa kozi ya namna hii, mumuulize anafanya nini sokoni. Wa kompyuta na uhandisi wanaweza kusubiri. Wakikwama kwenye lugha, wanaoumia ni wao wenyewe.

Kuhusu kuanza lugha nyumbani, najua si kila mtu anaweza. Taasisi za Confucius ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2013, na kijana wa Dar anaweza kupanda daladala akaenda. Wa Kibondo au Newala hawezi. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei, masomo China yanaanza Septemba, na katikati hapo kuna JKT. Kwa hiyo nisingependa cheti cha HSK kiwe kizuizi cha kuondoka. Kitawabakiza watoto wa mikoani na kuwapitisha wa mjini. Afadhali mzazi aambiwe kweli tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba safari hii ni ya miaka saba na wa kwanza ni wa lugha, apange fedha zake akijua. Wengine watasema hawawezi na watatafuta njia nyingine. Hilo nalo lina faida: kuliko kuishiwa mwaka wa nne, bora ujue mapema.

Mkitaka watu wa kuwasaidia kuandika maswali ya kuviuliza vyuo na mawakala, tuliosoma huko tumetapakaa kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na tunajua ni ukurasa upi wa mkataba unaopaswa kusomwa mara mbili. Tuiteni Dodoma siku yoyote isiyo ya zamu. Nauli tutajilipia.

Wako mtiifu,
Daktari aliyesomea China, Mwanza