Salamu za Noeli kutoka Esquilino, Roma

Baba mkubwa, mashangazi, wajomba, kaka na dada zangu, pamoja na majirani na wanajumuiya wote wa huko nyumbani, Tumsifu Yesu Kristo. Nawatakia heri na baraka za Noeli. Mungu aliyetuvusha mwaka huu atuvushe na ujao.

Najua mabasi ya Moshi yameshajaa na nauli ni ile ya Desemba. Mimi sipandi kuja huko tena mwaka huu. Tiketi ya ndege haishikiki, na mwenye nyumba katuongezea kodi, eti ni mwaka wa Jubilei, 2025, mahujaji wamejaa, Roma nzima imepanda. Nitapika mtori kwa ndizi za soko la Esquilino, ambazo zinafanana na mshare kwa rangi tu.

Kutoka hapo sokoni hadi Basilika ya Santa Maria Maggiore ni mwendo mfupi, na ndiko nitakakosali mkesha. Chini ya altare kuu vimehifadhiwa vipande vitano vya mbao, ndani ya chombo cha kioo na fedha alichokisanifu Giuseppe Valadier. Vinaheshimiwa kuwa mbao za hori la Bethlehemu. Ni vyembamba, vimechakaa; ungevikuta kwenye banda la ng'ombe kwetu ungevitia jikoni bila kufikiri mara mbili. Na bado Papa Pio IX amepigiwa sanamu kubwa ya marumaru akivipigia magoti, na Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliingoja Noeli ya 1538 ili aadhimishe misa yake ya kwanza kwenye altare ya hori, humu humu.

Juu, kwenye tao, hori hulioni. Mozaiki zile ni za wakati wa Papa Sisto III, baada ya Mtaguso wa Efeso wa 431 kumkiri Maria kuwa Mama wa Mungu, na humo Mamajusi wanamkuta Mtoto ameketi kwenye kiti cha enzi. Wenyewe walitaka ufalme uonekane. Mimi nashika mbao.

Mwaka huu foleni ni ya Papa Fransisko, aliyetutoka Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka, akazikwa hapa tarehe 26. Kila alipokwenda safari za nje, ile ya Kongo ya 2023 ikiwemo, alipita hapa kusali mbele ya picha ya Bikira Maria. Kaburi lake limeandikwa neno moja tu, Franciscus. Unasukumwa usonge mbele hata Salamu Maria moja hujaimaliza.

Kuna mwingine asiye na foleni. Upande wa mahali pa ubatizo ipo sanamu ya kifua, uso wa jiwe jeusi, kazi ya Francesco Caporale. Ni Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa Mfalme Alvaro II wa Kongo. Alitumwa kwa Papa mwaka 1604, akazungukia Brazil, Ureno na Hispania, maharamia wakampora, wenzake wengi wakafia njiani. Alifika Roma Januari 1608 akiwa hoi. Papa Paulo V alikwenda kumwona kitandani, na usiku wa kuamkia Epifania balozi akakata roho. Mji ulikuwa umejiandaa kumpokea kwa maandamano siku ya Mamajusi, yakageuka mazishi.

Mama tulimzika Agosti, nanyi mnajua sikuwepo. Kibali changu cha kuishi kilikuwa ofisini kwa miezi, na kutoka bila hicho ni kutorudi. Nilifuata mazishi kwenye simu, picha ikiganda kila padre alipoinua mkono. Jioni ile nilikwenda kukaa kwa huyu balozi. Pembeni mwa mabenchi yalikuwa yamebaki maua meupe, yale wanayomwaga kutoka darini kila Agosti 5 kukumbuka muujiza wa theluji, inayosimuliwa kuanguka hapa katikati ya kiangazi. Sikusali. Nilimtazama tu, nikawaza kwamba na mama yake, kama alikuwa hai, habari ilimfikia imechelewa.

Basi ndugu zangu, mnivumilie niseme. Asiyepanda mwaka huu msimhesabie kiburi. Wapo wanaozima simu Desemba kwa sababu hawana cha kutuma, wala si kwamba wamesahau kwao. Mpigieni kwanza ninyi, na msianze na bati la nyumba. Na sisi tulio mbali, tupige hata mikono ikiwa mitupu. Mzazi anataka sauti. Mwishoni mwa Oktoba, siku zile za uchaguzi, mtandao umezimwa nanyi hampatikani hewani, nilijua thamani ya "haloo" moja. Tusamehane, sale, lile jani letu la kuombana msamaha, lisingoje msiba. Mtoto aliyekosa nafasi nyumba ya wageni hatatuuliza tulileta nini, atatuuliza tulimfungulia nani.

Mbuzi achinjwe kama kawaida. Fungu la mama apelekewe shangazi mkubwa, na vijana wambebee pia kuni, maana mgongo bado unamsumbua.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya 2026.