Bunduki unayotaka kununua, Makame

Mtende, Unguja Kusini
Mwezi wa Mei

Sahibu yangu Makame,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako nimeipata Jumatano, kaniletea mtoto wa dada yako aliyeshuka na boti ya mchana. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Kinachotusumbua ni nguruwe. Masika haya wamelivamia shamba la mihogo la mama mkwe wangu kule uwandani, asubuhi tukakuta mihogo imefukuliwa yote na mashina yamelala juu ya mawe. Jumapili wasasi walitoka na mbwa wao, mikuki na magongo, wakapata wawili. Mmoja alikuwa mkubwa wa kutisha, kamjeruhi mbwa wa Ameir ubavuni, lakini atapona.

Kwanza hongera. Kwamba umefaulu mtihani wa mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni porini, nimefurahi mpaka nimetoka nje kumwambia jirani. Nakukumbuka ulivyokuja kwenye kambi yetu ya uwindaji Rungwa ukiwa kijana wa kubeba maji, hujui hata boliti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, inafunguliwa vipi. Leo unatafuta bunduki yako mwenyewe kabla msimu haujafunguliwa Julai mosi. Ndiyo maana hii barua naiandika ndefu, nawe uisome yote kabla hujatoa hata shilingi.

Unasema bosi wako anarudi kwao na anataka kukuuzia bunduki yake: mtambo wa Mauser 98 (kile chuma cha katikati kinachobeba boliti na magazini), kitako cha mti wa jozi, mtutu wa risasi ya .338-06. Bei nzuri, na risasi 22 juu yake. Unaniuliza zikiisha hizo utapata wapi nyengine, na mtutu ukichakaa nani atakupa mwengine.

Makame, hayo maswali ungeyauliza kabla ya kuipenda. Naona katika maandishi yako kwamba umeshaipenda.

Hiyo .338-06 ilizaliwa waildikati. Ulipokuwa kambini ulilisikia neno hilo kwa wageni, lakini sidhani kama kuna aliyekukalisha chini akakueleza. Ni risasi aliyoibuni mtu kwenye karakana yake. Anachukua ganda la risasi inayojulikana, analibana mdomo au analipanua, anaingiza kichwa cha kipimo chengine, kisha anachonga chemba ya bunduki, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi, iendane nalo. Kiwanda hakihusiki. Hii yako ni ganda la thati-o-siksi, yaani .30-06, lililopanuliwa mdomo likapokea kichwa cha milimita 8.6 badala ya 7.8. Ni risasi nzuri, sikatai. Inapiga vizito, kichwa cha gramu 13 mpaka 16, na bega halipati taabu kubwa. Pofu na nyumbu inawalaza.

Zipo waildikati zilizobahatika. .22-250 ilichezewa na mafundi wa Marekani miaka mingi mpaka Remington ikaichukua 1965 na kuiuza kwenye pakiti. .25-06 ikafuata 1969. Hata hiyo yako, 1998 kampuni ya A-Square iliipeleka ikapatiwa vipimo rasmi kule Marekani. Lakini kupata vipimo ni jambo moja, na kufika rafuni Arusha ni jambo jengine. Mie miaka yote niliyotumwa madukani kuchukua risasi za kambi sikuwahi kuiona. Thati-o-siksi nimeiona kila safari. .375 nimeiona kila safari.

Na kuna hili la mwaka. Muulize bosi wako bunduki ilitengenezwa lini na nani aliichonga chemba. Kama ni kabla ya 1998, fundi alitumia chombo chake cha kuchongea, kwa vipimo vyake. Mafundi wawili waliweza kuandika jina lile lile kwenye mitutu miwili, na risasi ya huyu isiingie vizuri kwa yule. Kwa hiyo hata ukiletewa pakiti kutoka ng'ambo, huna uhakika mpaka fundi amepima kwa geji, kile kipande cha chuma cha kupimia, nafasi iliyopo baina ya uso wa boliti na tako la ganda.

Sasa chukua risasi moja katika hizo 22 uigeuze uangalie tako lake. Nakuhakikishia kama ametengeneza mwenyewe utakuta pameandikwa 30-06, kwa sababu ganda lilitoka kiwandani likiwa thati-o-siksi na maandishi hayabadiliki kwa kupanuliwa mdomo. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona. Mwaka wangu wa pili karakanani, kijana mmoja aliokota risasi mezani akasoma tako, akazipeleka kwa mgeni mwenye bunduki kama hiyo yako. Zilikuwa thati-o-siksi za kweli, za kiwandani. Zikaingia chemba bila shida, boliti ikafunga. Mgeni akapiga shabaha ya karatasi mita 50. Karatasi ikatoboka tundu refu kama la ufunguo, kichwa kimepita kwa ubavu, maana kilikuwa chembamba kuliko mtutu na hakikushika michirizi ya ndani. Ganda likatoka limepasuka mdomo, masizi mpaka mabegani. Nimelishika mkononi, lilikuwa bado la moto. Siku ile hakuumia mtu. Lakini fikiria ni nyati badala ya karatasi.

Lakini iliyonifanya nizichukie khasa bunduki hizi ni safari ya yule pofu. Wewe bado hujaja wakati huo.

Alikuja mgeni mmoja, mzee mstaarabu, na waildikati aliyoibuni mwenyewe: ganda la .375 lililobanwa mdomo. Alikuwa akilisifia kama mwanawe. Risasi 30 alizitengeneza kwa mkono wake, mezani kwake, moja moja. Njiani darubini ilipata kishindo, basi siku ya kwanza akatumia tisa kuirekebisha. Siku mbili tatu akapiga wanyama wadogo. Siku ya tano asubuhi zilibaki saba, na safari ilikuwa bado siku tisa.

Tukamkuta pofu dume chini ya mninga, ubavu wazi, hatua kama 120. Akapiga. Pofu akayumba, akasimama, akatuonesha mgongo. Ulikuwa wakati wa kupiga tena. Wewe unajua: mnyama akiwa bado amesimama, unapiga mpaka alale. Mwindaji bingwa akamwambia piga. Yule mzee akateremsha bunduki. Akasema ataanguka mwenyewe, hana haja ya kupoteza nyengine.

Hakuanguka. Tulimfuata siku mbili. Damu ilikuwa tone hapa, tone pale juu ya jani, kisha ikakatika kabisa. Mfuatiliaji wetu alipiga magoti kwenye kila alama ya kwato mpaka jua likazama, na siku ya pili hivyo hivyo. Hatukumpata. Na kambini, kwenye rafu ya stoo, palikuwa na pakiti sita za .375 ambazo hata moja haikuweza kuingia kwenye bunduki ile, ingawa tako ni lile lile moja. Usiku ule yule mzee alikaa peke yake hakula. Mie nilimhurumia, lakini nilimhurumia zaidi mnyama aliyekuwa mahali fulani gizani.

Makame, mtu mwenye risasi za kuhesabu anaanza kufikiria risasi badala ya mnyama. Sitaki uwe hivyo. Wewe sasa ndiwe utakayesimama nyuma ya mgeni, na wafuatiliaji watakuwa mbele yako kwenye manyasi.

Utanijibu kwamba unaweza kujaza mwenyewe. Vichwa vya .338 vipo duniani, kweli, kwa sababu .338 Winchester ya 1958 inatumia kipimo hicho hicho. Lakini utahitaji baruti, fataki za kuwashia baruti, vifaa vya kupanulia mdomo na mizani, na hivyo si vitu vya kufunga kwenye begi la nguo. Baruti na fataki zina sheria zake na vibali vyake. Na ukitegemea wageni wakuletee: ndege inamruhusu abiria kilo tano tu za risasi, nazo za bunduki yake mwenyewe, zikiwa zimetangazwa na kufungwa. Usije ukamwomba mtu akupitishie chochote kwa mlango wa nyuma. Jina ulilolijenga miaka yote hii litaondoka kwa siku moja.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani katika furaha umelisahau. Kazi yako ni nyati. Kwa nyati na tembo sheria ya bara inataka kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, isiyopungua .375 ya inchi. Hiyo bunduki ya bosi wako haifiki. Ungeinunua ungebaki huna bunduki ya kazi, na pesa imekwenda.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Bunduki ya kazi tafuta .375 H&H, hata iwe kuukuu, hata kitako kiwe na makovu, ilimradi mtutu ni mzima. Waingereza, kampuni ya Holland na Holland, waliitoa 1912 na mpaka leo hakuna kambi ya uwindaji niliyofanya kazi isiyokuwa nayo. Ukiishiwa, jirani atakuazima pakiti. Ndege ikipoteza sanduku, mgeni mwenzake anazo. Hiyo ndiyo nguvu yake, kuliko hata uzito wa pigo lake.

Na ile Mauser? Najua itakuuma kuiacha. Mtambo wa 98 ukiwa mzuri ni kitu cha thamani, boliti inateleza kama kwenye mafuta na ule ukucha wake unalishika ganda tangu linatoka kwenye magazini. Kama bosi atakubali kukuuzia kwa thamani ya mtambo tu, na taratibu za polisi za kuhamisha umiliki zikakamilika kwa jina lako, chukua. Kisha mtutu uondolewe uekwe mwengine. Hapo una bahati: tako la thati-o-siksi ni karibu sawa na la risasi ya Mauser yenyewe, kwa hiyo boliti haiguswi. Mtutu wa .30-06 unaingia. Na kama mkoba unaruhusu, weka wa 9.3x62. Hiyo ilibuniwa na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, 1905, kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa Afrika na mitambo ya Mauser mikononi. Inakaa humo ndani kama iliyozaliwa humo.

Lakini asitokee fundi akakwambia atakuekea .375 H&H kwenye mtambo huo wa kawaida. Risasi ile ni ndefu mno. Ili iingie lazima akwangue chuma mbele na nyuma ya magazini, na kule mbele ndiko linakoegemea jino la boliti linalozuia nguvu yote isikurudie usoni. Wapo waliofanya. Mie sikubali kuisimamia.

Kazi ya mtutu si ya fundi wa kuchomelea mageti. Inataka mashine ya kukerezea, hesi za mtutu zishikane sawasawa na za mtambo, na geji mbili: moja boliti ifunge juu yake, nyengine igome. Usilipe kabla hujaziona zote mbili zikijaribiwa mbele yako. Na kumbuka leseni inataja kaliba, kwa hiyo ukibadilisha mtutu nenda polisi na karatasi zako kabla hujabeba bunduki popote.

Ingekuwa ni moja ya zile waildikati za P. O. Ackley, fundi bunduki wa Marekani, ningeongea kidogo tofauti. Yule alitanua ganda kwa namna ambayo risasi ya kawaida ya kiwandani inaingia na kupigika, na ganda linatoka limepata umbo jipya. Mwenye thati-o-siksi ya Ackley akikwama anatumia ya dukani. Yako haina mlango huo.

Vijana hapa waliposikia nakuandikia habari za bunduki waliniuliza kama ungeweza kuja nayo tuwamalize nguruwe. Nikawaambia uwandani hapa ni mawe matupu, kichwa cha risasi kikigonga jiwe hujui kitaishia kwa nani, na mashamba yamejaa watu. Mbwa na mikuki vinatutosha. Ila kama utakuja baada ya msimu, niletee kamba za katani, zile nene za kusukia nyavu. Za huku siku hizi zinakatika.

Usimjibu bosi wako kwanza. Nipigie picha maandishi yaliyo kwenye mtutu, na tako la risasi moja, na chini ya mtambo pale kwenye namba. Mpe mtoto wa dada yako, anarudi huku mwisho wa mwezi. Nikishaona nitakwambia mtambo ule una thamani gani.

Mama Mwanakhamis anakusalimu, anasema umpelekee salamu mkeo na watoto.

Wasalaam,
Ndugu yako Vuai