Yah: Kubadilishwa kwa ufunguo wa seva bila kutuarifu

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za SACCOS yetu hapa Morogoro. Seva yenu tumeikodi mwaka wa nne sasa, na kila siku saa 8 usiku nakala ya daftari la wanachama huja kwenu kwa sftp, njia ya kutuma mafaili kwa usiri kupitia mtandao. Tangu Jumatatu haijafika hata moja. Nimegundua Alhamisi.

Nilipojaribu kwa mkono, skrini ilijaa alama za @ na onyo la herufi kubwa: utambulisho wa seva umebadilika, huenda kuna mtu ameingia katikati. Nikarudia kwa sftp -v, inayoonyesha kila hatua. Poti 22, mlango wa muunganisho huo, iko wazi, na ufunguo wetu wa kuingilia haukuwahi hata kuombwa. Seva yenyewe ndiyo iliyokuja na ufunguo wa utambulisho tofauti na ule ulio kwenye known_hosts, faili la kompyuta yetu linalohifadhi funguo za seva tunazozijua.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea, mpole kabisa, akaniambia nifute ufunguo wa zamani kwa ssh-keygen -R, kisha nijibu yes nitakapoulizwa kama naiamini seva hiyo. Nikamwomba alama ya kidole ya ufunguo mpya, yaani mfuatano mfupi wa herufi unaoutambulisha, ili nilinganishe. Hakuwa nayo. Aliponisikia nasita, akanishauri niweke StrictHostKeyChecking=no, yaani nizime ukaguzi wa ufunguo wa seva, ili onyo lisinisumbue tena.

Hapo ndipo nilipoumia. Ni kweli hatutumii nywila, kwa hiyo mwizi aliyejifanya seva yenu asingepata cha kuingilia. Lakini angepokea faili lenyewe: majina, namba za simu, mikopo. Tuna wanachama ambao hata wenzi wao hawajui wanadaiwa kiasi gani.

Kesho yake ndipo nikaambiwa mlihamia mashine mpya wikiendi. Kuhama si kosa. Mngenakili funguo za seva zilizokuwa /etc/ssh, tusingejua hata kama mmehama. Na kama mlitaka funguo mpya, mngetutumia alama zake za kidole (za aina ya SHA256) kabla ya siku yenyewe.

Naomba alama hizo ziwekwe kwenye ukurasa wa akaunti yetu kabla ya Ijumaa ijayo, na wahudumu wenu waache kabisa kuwashauri wateja wazime ukaguzi huo. Naomba pia mturudishie ada ya siku hizi. Hadi nitakapolinganisha alama, sitajibu yes. Nakala naibeba kwenye flashi kila jioni na kuifungia kwenye kasha la mhasibu.

Wenu,
Mtunza kompyuta wa SACCOS